Kichupa Darini kwa Mama

Kichupa kilipofika kilionekana kitupu. Tulikuwa tumekisubiri kwa miezi, tumepiga simu uwanja wa ndege mpaka karani wa mizigo akatujua kwa sauti, na sasa boksi limefunguliwa, barafu kavu inafuka mezani, na ndani ya kichupa hakuna kitu. Mkuu wetu wa maabara, mtu mzima wa Machame asiyepandisha sauti hata akikanyagwa kidole, alikiinua kwenye mwanga wa dirisha akakigeuza polepole. Chini kabisa palikuwa na utando mweupe, kama maziwa yaliyokaukia kwenye kikombe. "Ndiyo yenyewe," akasema. Nilitaka kumnyang'anya nione mwenyewe. Yeye akaendelea kukigeuza tu kana kwamba tulikuwa na siku nzima.

Mimi ni mtu nisiyeweza kukaa. Mama yangu alikuwa akisema hata tumboni sikuweza kukaa, ndiyo maana nilitoka kabla ya wakati. Nilikuwa mdogo kiasi kwamba bibi alinivingirisha kwenye kanga akaniweka jikoni, hatua moja kutoka kwenye mafiga, na kifua changu kikipiga miluzi usiku na mchana. Jiko la kwetu Rombo lilikuwa nyumba yake peke yake, na moto wake haukuzimwa. Jioni mama aliufunika kwa majivu, alfajiri akaufukua na kuupuliza. Ule moto ndio ulioniponya, mama hakuwa na shaka yoyote juu ya hilo, na kila nilipokohoa hata nikiwa na shahada yangu ya maabara mkononi, alinisogezea kigoda karibu na mafiga. Nami nilikaa dakika mbili nikaondoka.

Labda kile kifua ndicho kilichonipeleka kwenye kazi ile, sijui. Tulikuwa maabara ndogo ya utafiti Moshi, vyumba viwili nyuma ya wodi, miaka ile simu za mkononi zilipokuwa bado zinaning'inizwa mkandani ili watu wazione. Tulishughulika na kirusi kimoja kinachoziba vifua vya watoto wachanga. Kila majira ya baridi mama zao waliwateremsha kutoka juu mlimani, kutoka Kibosho, Uru, Marangu, watoto wenye mbavu zinazoingia na kutoka kama mvukuto. Tulichukua damu kidogo kujua nani ana kingamwili za kupambana na kirusi hicho na nani hana, tukaigandisha, kisha tukaituma Ulaya ikapimwe huko. Damu ya watoto wa Kibosho ilipanda ndege kabla mimi sijapanda, na kabla mama zao hawajaota kupanda. Majibu yalirudi mtoto ameshaanza kutembea. Hilo lilinichoma, na nilikuwa nalisema wazi kwenye kila kikao mpaka mkuu akawa ananitazama kabla sijafungua mdomo.

Kelele zangu au subira yake, kimojawapo kilisaidia. Wenzetu wa Ulaya walikubali kutujaribu. Wangetuletea protini ileile wanayopimia wao, kisha baada ya mwaka mpya wangetuletea sampuli za damu ambazo wao walishazipima, zikiwa na namba tupu bila majibu. Namba zetu zikilingana na zao, vipimo vingehamia Moshi na mkataba wangu ungeendelea. Zisipolingana, damu ingeendelea kupanda ndege, na mimi kazi ingeniishia. Moshi hapakuwa na maabara nyingine ya kunichukua. Kaka yangu aliyekuwa Dar alishanitafutia nafasi kwenye zahanati ya mtu binafsi, ya kupima malaria na mimba kutwa nzima. Sikuitaka. Baba alikuwa ameshafariki, kaka zangu wametawanyika kwenye biashara zao, na mama alikuwa amebaki peke yake kihambani, kwenye shamba letu la migomba, na ng'ombe mmoja. Nilitaka kubaki mahali ambapo ningeweza kumfikia siku hiyohiyo nikiitwa.

Ile protini haikuwa kirusi. Watu wa nyumbani walipojua nafanya kazi na kirusi walianza kunawa mikono baada ya kunisalimia, kwa hiyo nimezoea kueleza. Kirusi kina kipande kimoja kinachokiwezesha kujishikiza kwenye seli ya mtu na kujiunga nayo, kama mtu anayejipenyeza mlangoni kwa bega. Wataalamu wamechukua maelekezo ya kutengeneza kipande hicho tu, wakayapandikiza kwenye seli nyingine zinazofugwa kwenye chupa, na zile seli zikawa zinatengeneza bega peke yake, bila mwenye bega. Huwezi kuugua kwa hilo. Ukilipaka kwenye vishimo vya sahani ya plastiki na kuweka damu ya mtoto juu yake, kingamwili zinazolifahamu zitaling'ang'ania, na mwishoni kishimo kinageuka njano. Njano iliyokolea maana yake mtoto ana kinga.

Ila lina tabia mbaya. Mkuu wangu alinieleza siku ile ya kwanza, akichora kwa kalamu nyuma ya karatasi ya boksi. Limejikunja kwa mkazo, kama mtego wa panya uliotegwa. Likipata joto, mtego unafyatuka. Bado ni mtego uleule, bado una mbao na waya wake, lakini umefyatuka, na hakuna mkono wa kuutega upya. Kingamwili nyingine bado zitalitambua. Nyingine, zile bora kabisa, hazitalitambua tena. Nikamwuliza joto kiasi gani. Akasema, "Usiniulize kiasi gani. Weka kwenye baridi."

Basi tukaliyeyusha kwa maji baridi, tukaligawa kwenye vichupa vidogo, tukaviweka kwenye friza, tukasubiri mwaka mpya. Hapo ikafika Krismasi.

Asiyejua Krismasi ya Wachagga hajui kuhama ni nini. Magari kutoka Dar na Arusha yanapanda mlima usiku na mchana, na mtu asiyekwenda nyumbani huulizwa na majirani anamficha nani. Maabara ikabaki na mimi na mlinzi. Mkuu alipoondoka alinipa ufunguo, akasema, "Ninyi Warombo mnawahi mbege. Usiwahi sana." Nilimwahidi nitaondoka mwishoni kabisa, na kwa kweli sikuona tatizo, kwa sababu ningeondoka mapema ningekaa nyumbani nikiwaza friza.

Mgao wa umeme ulikuwa umeshika kasi mwaka ule, ila tulikuwa na jenereta. Asubuhi ya mkesha umeme ukakatika, na jenereta likakataa. Mlinzi alivuta kamba yake mpaka akavua koti. Fundi wake alikuwa ameshapanda mlima. Simu ya mkuu haikupatikana, huko kwao Machame mtandao ulipatikana ukisimama juu ya jiwe moja nyuma ya kanisa. Friza letu lilikuwa la zamani, mpira wa mlango umelegea, na kila nilipotazama kipimajoto mshale ulikuwa umepanda. Nikakaa. Nikasimama. Nikazunguka jengo. Nikarudi kutazama, nikajilaumu kwa kufungua mlango. Kufikia mchana barafu ilikuwa inadondosha maji na vichupa vimeanza kulainika.

Maelekezo yalikuwa wazi kuhusu hilo. Ikiyeyuka usiigandishe tena, iweke kwenye ubaridi wa friji na uitumie ndani ya wiki chache. Friji Moshi ilikuwa haina umeme kama friza. Lakini zahanati ya parokia kijijini kwetu ilikuwa na friji ya gesi ya kutunzia chanjo, na sista aliyeiendesha alinifahamu tangu kipaimara. Nilivipanga vichupa kwenye boksi la kubebea chanjo, nikavizungushia vipande vya barafu vilivyobaki, nikampa mlinzi ufunguo na nikapanda gari la Rombo. Baadaye mlinzi aliniambia umeme ulirudi tukiwa hatujafika hata Himo. Nilimwuliza kwa nini ameniambia.

Zahanati nikaikuta imefungwa. Sista alikuwa kwenye maandalizi ya misa na angerudi kesho baada ya ibada, mtu wa bustani alisema, na ufunguo anao mwenyewe kiunoni. Nikaenda nyumbani na boksi langu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho ulichobeba ni nini?"

"Kazi, mama. Kitu cha kazini."

"Unabeba kama mtoto."

"Ni zaidi ya mtoto. Kikiharibika sina kazi. Mtu asikiguse."

Alikitazama kwa heshima. Hakuuliza zaidi, na mimi sikueleza zaidi, maana kaka zangu walikuwa wanateremsha mizigo uani na wifi yangu alikuwa anauliza sufuria kubwa iko wapi. Niliweka boksi chumba cha nyuma, sakafuni, ukutani upande usiopata jua. Vipande vya barafu vilikuwa bado vigumu. Rombo juu kule Desemba kuna ubaridi wake, na nilihesabu kwamba vingefika asubuhi bila taabu. Vilifika. Nilivigusa kabla ya kwenda misani na vilikuwa bado baridi kabisa.

Misa ya Krismasi sikuisikia. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikimwangalia sista mgongoni, kwaya ikaimba, padri akahubiri kwa Kichagga na kwa Kiswahili, sadaka ikatolewa mara mbili, na mimi mguu wangu unagonga sakafu mpaka mwanamke wa mbele akageuka. Ilipokwisha nilimkamata sista mlangoni. Alinisikiliza, akanicheka kidogo, akasema kuna nafasi kwenye rafu ya chini, nilete. Nikateremka kwenye migomba karibu nakimbia, nimevaa viatu vya kanisani.

Boksi lilikuwa chumba cha nyuma, mahali pale pale. Kifuniko kilikuwa kimeegeshwa ukutani. Ndani palikuwa na vipande vya barafu na maji kidogo. Vichupa havikuwapo.

Jikoni palikuwa na moshi na watu. Chungu cha mtori wa ndizi kilikuwa kwenye mafiga, karai la nyama pembeni, moto mkubwa wa kuni za mgrevilea uliowashwa tangu alfajiri. Mama aliniona mlangoni na akajua ninachotafuta. Akatabasamu. Akanyoosha kidole juu.

Jiko la kwetu lina dari ya fito juu ya moto. Ndiko kulikokaa kila kitu ambacho nyumba ile haikutaka kukipoteza. Mbegu ya mahindi na ulezi wa kutengenezea mbege, pombe yetu ya ndizi, vilikaa huko, panya hawafiki na unyevu haufiki. Mikungu ya ndizi iliivia huko. Hati ya kihamba cha baba ilikaa huko, ndani ya kopo la kahawa. Watoto hawakuruhusiwa kupanda.

"Niliona kinatoka jasho," mama alisema. "Boksi zima limelowa, na hawa watoto wanacheza mpira ndani. Nikakitoa kwenye maji. Nimekifuta vizuri, nikakifunga kwenye kanga, nikakiweka mahali pazuri. Hakuna aliyekigusa mwingine."

Kaka yangu alinishikia ngazi. Kanga ilikuwa ya harusi ya mama, ile asiyoivaa, imekunjwa mara nyingi na kuwekwa kati ya mikungu miwili ya ndizi. Nilipoishika ilikuwa na joto. Siyo vuguvugu, joto, kama tumbo la kuku anayeatamia. Vichupa vyote vilikuwemo, vikavu, vimepangwa kwa unadhifu, na havikuonekana kuwa na kasoro yoyote. Hilo ndilo lililonitia wazimu, kwamba havikuonekana kuwa na kasoro.

Nilimfokea mama yangu siku ya Krismasi mbele ya wakwe na wajukuu. Nilisema nilimwambia asiguse. Nilisema mambo ya wataalamu wa Ulaya na mkataba na Dar, kwa Kiswahili cha kazini, wakati yeye alizungumza na mimi Kichagga maisha yangu yote. Alitazama dari, akatazama moto, kisha akaanza kuvuta kuni nje ya mafiga moja moja, mpaka wifi akamwambia, "Mama, nyama haijaiva." Hasira yangu ilikuwa ya kweli, na huruma niliyomwonea kwa zile kuni nayo ilikuwa ya kweli, zikanijaa zote mbili kwa wakati mmoja nikashindwa hata kusimama pale. Nikachukua vichupa nikampelekea sista, kwa sababu vilipaswa kupelekwa.

Mkuu nilimwambia nilipomwona tu, nikiwa bado na begi. Alisikiliza mpaka mwisho. "Darini," akasema. Kisha akasema hata mama yake angefanya hivyohivyo, na kwamba huwezi kuona mtego umefyatuka mpaka uujaribu.

Sampuli zilikuja. Tukapaka sahani, tukaosha, tukaweka damu, tukaosha, na nilipoongeza maji ya mwisho ya kuleta rangi sikuweza kutazama. Nikatoka nje nikazunguka jengo kama siku ile. Niliporudi mkuu alikuwa ameinama juu ya sahani na vishimo vilikuwa vinageuka njano. Nilimshika mkono, jambo ambalo halikuwa desturi yetu. Kwa jioni moja nzima niliamini tumepona. Nilitembea kwa miguu mpaka chumbani kwangu Njoro nikinunua vitu nisivyovihitaji, machungwa, kiberiti, sabuni.

Kesho yake tukatuma namba zetu na wao wakatuletea zao. Nyingine zililingana. Lakini watoto waliokuwa na kinga nzuri kuliko wote kwenye namba zao, kwetu walionekana karibu hawana kitu. Ilikuwa kama mkuu alivyochora nyuma ya karatasi. Aliwaandikia ukweli kuhusu joto bila kumtaja mama wala dari, akiandika tu kwamba umeme ulikatika. Waliturudishia maneno ya upole sana. Walisema tungeweza kujaribu tena wakati mwingine, hali ya miundombinu ikiwa nzuri. Nilisoma neno hilo, miundombinu, na nikaenda kuosha vyombo vya maabara ambavyo vilikuwa visafi.

Wiki zile mama alikuwa akipiga simu kutoka duka la njia panda kila siku ya gulio. "Kile kitoto chako kilipona?" Hivyo ndivyo alivyokiita. Nilimwambia kilipona. Mara ya kwanza ilikuwa uongo wa matumaini, kisha ikawa uongo tu. Ila kaka yangu wa Dar mdomo wake hauna mlango, na siku aliyomwambia mama kwamba ninahamia kwake, alimwambia na sababu.

Nilipanda kwenda kuaga masika yanaanza. Njia ilikuwa inateleza na kahawa nyingi za majirani zilikuwa zimeng'olewa, watu wakipanda nyanya za kupeleka mnada wa Tarakea. Nilipofika kwenye kona ambayo kwa kawaida unaona moshi wa jiko la mama juu ya migomba, sikuona moshi. Kwetu nyumba isiyofuka moshi asubuhi ina mgonjwa au msiba. Nilivua viatu nikakimbia.

Nilimkuta uani, chini ya ukingo wa paa, mvua inamnyeshea mgongo. Alikuwa amepanga mawe matatu na kuni mbichi na alikuwa anapika huko, anakohoa.

"Shikamoo. Mama, kwa nini uko nje?"

"Marahaba. Kaka yako aliniambia." Alifuta macho. "Ingia uone."

Jiko lilikuwa limefagiliwa. Majivu yametolewa yote, mafiga yameoshwa na yamekauka meupe. Nilikuwa sijawahi kuona rangi yake. Mikungu ya ndizi, mibichi, ilikuwa imerundikwa sakafuni kwenye kona, na juu, kwenye dari tupu, ile kanga ya harusi ilikuwa imetandikwa ikanyooshwa. Niliweka mkono kwenye mafiga. Yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

"Sasa pako baridi," mama alisema nyuma yangu. "Nimeuzima tangu aliponiambia. Wakikuletea kingine, kilete. Hakitaharibika."

Moto ule aliukuta alipoletwa pale kama bibi harusi, mama mkwe wake akiwa ameukuta vilevile. Nilichukua kipande cha sufuria kuukuu nikaenda kwa jirani kuomba makaa. Mama wa pale aliacha alichokuwa anafanya akaniuliza nani amefariki. "Hakuna," nikasema. "Tunataka kupika." Alinitazama sana lakini akanipa makaa mengi, akayafunika kwa jani la mgomba mvua isiyafikie.

Niliyaweka kati ya mafiga na kupiga magoti. Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Unapasha moto tena. Kitoto chako kitakaa wapi?"

"Hakipo tena, mama. Hawataleta kingine. Ninaondoka kesho."

Nilipuliza na majivu hayakuwapo ya kushikilia joto, makaa yakawa yanafifia. Alikuja akapiga magoti kando yangu, akanisukuma kwa bega, kwa kuwa nilikuwa napuliza vibaya. Akapuliza mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka kijiti kikashika. Akaleta sufuria ya ndizi kutoka uani akaibandika, kisha akavuta kigoda, akakiweka hatua moja kutoka kwenye mafiga.

"Basi kaa wewe," akasema.

Nikakaa mpaka ndizi zikaiva.